Jointi ya nyuma kushoto: jinsi nilivyoizuia buggy yetu wenyewe isishindane

Wakuu wa jukwaa la magari, nawasalimu kutoka Kampala.

Nimesoma nyuzi zenu kwa miaka bila kuandika hata neno moja. Leo naandika. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Hilo tu ndilo naweza kuwaahidi.

Shule niliishia la saba. Kiswahili changu ni cha nyumbani kwetu Wanubi, kikachanganyika na cha mjini. Mkiona nimekosea mahali, rukeni mwende mbele.

Mimi ni fundi wa welding. Natengeneza mageti, madirisha na grili, kibanda kiko Kamwokya.

Mageti yangu yanajulikana kwa ulaini. Mteja wa huku akija kuchukua geti, kitu cha kwanza anapitisha kiganja kwenye jointi. Akigusa kidonda cha welding, ule uvimbe wa chuma pale palipochomwa, anaanza kunung'unika. Kwa hiyo tunachoma, tunasaga kwa grinder mpaka kidonda kiwe sawa na bomba, tunapaka puti kufunika vishimo, halafu rangi. Ukimaliza huwezi kujua bomba moja limeishia wapi na lingine limeanzia wapi.

Nawaeleza hili kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Jirani yangu alikuwa Wafula, Mkenya wa Bungoma, fundi wa injini na giaboksi. Amekaa Kampala muda mrefu, anaimba kwaya kanisani kwao, na anaendesha gari kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Simpambi. Hata leo ambapo hatusemezani sana, nikiulizwa dereva ni nani, nitasema Wafula.

Wazo lilikuwa lake. Kuna uwanja wa vumbi nje ya mji, kuelekea Entebbe, tulizoea kwenda kutazama buggy, vile vigari vya mabomba visivyo na bodi, zikishindana. Wenye nafasi wanazileta juu ya trela, zimetoka ng'ambo zikiwa kamili. Siku moja Wafula akanigusa bega.

"Ile ni bomba na injini tu. Wewe una bomba, mimi nina injini. Wanatushinda nini?"

Nikamjibu wanatushinda pesa. Akasema pesa ni ya watu wasiojua kuchoma.

Tulijenga karibu mwaka mzima, Jumapili baada ya kanisa lake na siku ambazo kazi ni chache.

Injini na giaboksi vilitoka kwenye Corolla iliyogongwa nyuma. Mwenye gari nilimtengenezea madirisha ya nyumba nzima, tukamalizana hivyo. Kwa wasiojua: gari la aina ile injini inavuta magurudumu ya mbele. Unachukua mzigo wote, injini, giaboksi na miguu yake, unauhamishia nyuma ya kiti cha dereva. Zile fimbo za usukani unazifunga zisigeuke. Hapo una buggy inayosukumwa kutoka nyuma. Akili hiyo yote ni ya Wafula. Mimi ningeiweka mbele nikaharibu.

Kiti kilitoka kwenye gari la chuma chakavu. Ovaroli Wafula aliipata kwenye soko la mitumba la Owino, nyekundu, ya mfanyakazi wa kituo cha mafuta wa nchi gani sijui. Mgongoni ina maandishi ambayo hatukupata mtu wa kuyasoma. Alisema hao ndio wadhamini wetu.

Mimi kazi yangu ilikuwa chasisi na roll cage, kile kizimba cha mabomba kinachomzunguka dereva. Gari likibiringika, kizimba ndicho kinachobaki kati ya kichwa chake na ardhi. Hapo sikubania. Nilitumia bomba nene, jipya, siyo masalio ya mageti.

Na kila siku niliandika kwenye daftari. Nina tabia hiyo tangu nikijifunza welding, kwa sababu kichwa changu sikiamini. Nimechoma nini, rodi gani, nini kimebaki. Mke wangu anasema siku moja nitaandika kwamba nimepumua.

Sasa sikilizeni.

Siku moja nilikuwa nachoma jointi ya nyuma kushoto, pale upinde mkubwa wa kizimba unapokutana na chasisi. Hiyo ndiyo inayobeba kuliko zote. Nikiwa katikati, umeme ukashuka. Haukukatika, ulishuka tu, mashine ikawa inakohoa. Nikamalizia hivyo hivyo. Nilipogonga gamba likatoka, nikaona vishimo, na sehemu ambayo chuma kimekaa juu tu bila kuingia.

Nikaandika: "Nyuma kushoto. Mbaya. Saga yote, rudia."

Ukurasa unaofuata hausemi kitu kuhusu jointi hiyo. Asubuhi yake alikuja mtu wa shule fulani, anataka geti lake liishe kabla ya siku ya wazazi, nikakimbizana nalo siku kadhaa. Nimeandika geti. Nimeandika bawaba. Hata kufuli nimeandika. Jointi hapana.

Nilipopata nafasi tena nikafanya nilivyozoea. Nikasaga jointi zote zikalingana na bomba, nikapaka puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijani. Hakuna aliyenituma. Mkono wangu ndivyo unavyojua kumaliza kazi.

Wafula alikuwa amekwenda kwao Bungoma. Aliporudi aliikuta inang'aa. Akaizunguka mara mbili, halafu akaniuliza:

"Fundi, hizi welding umezisaga?"

"Nimelainisha kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani? Hii si geti, bwana. Kile kidonda ndicho kinashika. Ukikisaga unakula nguvu yake."

"Zimeingia ndani vizuri," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi."

Akaniangalia. "Sawa. Chuma ni chako." Akaingia chini kukagua giaboksi.

Wakuu, swali lilikuwa lile, na siku ya kulijibu ilikuwa ile.

Sikumdanganya kwa makusudi. Saa ile jointi ya nyuma kushoto haikuwa kichwani mwangu kabisa. Lakini daftari lilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka tulipokuwa tumesimama, na sikwenda kulifungua. Na niseme yote: nilikuwa nasubiri aisifie rangi.

Siku ya mashindano tuliazima lori dogo, tukafika asubuhi. Vijana waliokaa kwenye kamba ya watazamaji walipotuona tu wakaanza.

"Banange, jamani, hiyo geti mnapeleka nyumba gani?"

"Ya baba yako," Wafula akawajibu. "Alituambia wezi wamezidi, mmoja analala humo ndani."

Wakaangua kicheko. Tangu hapo buggy yetu ikawa Geti. Hata mtangazaji wa kipaza sauti aliita Geti. Haikuniudhi. Nilidhani tukimaliza vizuri litakuwa jina la sifa.

Mkaguzi alikuwa mzee wa Kiganda, zamani fundi wa magari jeshini, Kiswahili chake cha kambini. Alivuta mikanda, akatikisa kiti, akagonga mabomba kwa kinyundo, akakanyaga breki. Halafu akapitisha kiganja kwenye jointi, vile vile kama mteja wa geti.

"Hii nani nachoma?"

"Mimi, afande."

"Kazi safi. Ile ingine ya matajiri nachoma kama mbwa natapika."

Watu wakacheka. Akatubandikia stika ya kupita ukaguzi.

Kuna mtu nimemsimulia akasema yule mzee hakujua kazi. Hapana. Alikuwa na foleni ya magari na jua linawaka, na mimi nilikuwa nimeificha ile jointi kwa ustadi wa maisha yangu yote. Simlaumu.

Zamu yetu ilikuwa bado. Asubuhi hiyo gari moja lilikuwa limeruka kwenye tuta, likatua kwa pua, likabiringika mara mbili. Dereva alitoka kwa miguu yake akipangusa vumbi, kwa sababu kizimba kilikaa imara. Watu walimpigia makofi.

Nikakaa juu ya tairi ya akiba, nikatoa daftari niandike maneno ya yule mzee yasije yakanipotea. Nikataka niandike pia kizimba kilinichukua muda gani, kwa hiyo nikafunua nyuma kutafuta siku niliyoanza.

Ndipo nikaiona. "Nyuma kushoto. Mbaya. Saga yote, rudia."

Nikafunua mbele. Hakuna. Nikafunua tena, nikidhani kurasa mbili zimegandana. Hakuna.

Nikajaribu kukumbuka. Nilijiona nikiwa nimepiga magoti nairudia ile jointi. Lakini jointi zote nilizichoma nimepiga magoti. Niliyoiona kichwani ingeweza kuwa yoyote.

Nikaenda kwenye buggy, nikapitisha kidole pale nyuma kushoto. Laini. Kwa jinsi nilivyoimaliza, hata mimi mwenye mkono sikuweza kuona chochote.

Nilifikiria kunyamaza, siwafichi. Nilijiambia kwamba lazima niliirudia, mimi si mtu wa kuacha kazi mbaya. Nikajiambia Wafula ni dereva mzuri, hatabiringika. Kisha nikamwona ameshafunga mikanda, kofia kichwani, injini inanguruma. Mke wake na mabinti zake wawili wako kwenye kamba, na watu wa kwaya wamekuja wengi, wamevaa sare.

Nikainama dirishani, ingawa dirisha lenyewe halipo.

"Kuna jointi moja sina uhakika nayo."

Akazima injini. "Ipi?"

"Nyuma kushoto."

"Ni mbaya ama si mbaya?"

"Sijui. Niliandika niirudie. Sijui kama niliirudia."

"Nani alichoma?"

"Mimi."

"Na hujui."

"Sijui, ndugu yangu."

Yule wa bendera, anayeruhusu magari kuingia, akaja. "Nyinyi wa Geti, mnaingia ama mnafunga?"

Wafula alifungua mkanda mmoja, akafungua mwingine, taratibu, akashukia upande wa watazamaji kwa sababu upande wa pili nilikuwa nimesimama mimi. Binti yake mdogo akauliza, "Baba, mbona unashuka?"

Nilikimbia kwa yule mzee. Akasema hapo hakuna mashine ya kuchomea, na hata ingekuwepo, ameshaambiwa, hawezi kujifanya hakuambiwa. Akaja akabandua stika kwa ukucha. Kipaza sauti kikatangaza Geti limefungwa. Mnajua walivyocheka.

Siku mbili baadaye tuliifungua ile jointi kibandani kwangu. Wafula alitaka kushika grinder mwenyewe, nikamwachia. Akaondoa rangi, akaondoa puti.

Chini yake welding ilikuwa nzima, imeingia ndani kabisa. Pembeni kulikuwa na alama za kusaga za zamani, na juu yake chuma kipya, safu mbili.

Nilikuwa nimeirudia. Nilisahau kuandika, basi.

Wafula akachukua nyundo kubwa, ile ya kubomolea. Akapiga pale mara nyingi, bila hasira, kama mtu anayepima. Bomba likapinda. Jointi haikupasuka.

Akaweka nyundo chini, akakaa.

"Ile ya kushuka sina shida nayo," akasema. "Ungenyamaza nikaumia, hapo tungekuwa na shida. Mimi nilikuuliza, fundi. Nilikuuliza mapema, ukaniambia zimeingia, nikakaa ndani roho yangu imetulia. Sasa nikikaa tena nitakuwa nakuuliza jointi moja moja, na wewe utaniambia hujui."



Injini na giaboksi nilimwambia achukue. Madirisha yaliyozilipia yalikuwa kazi yangu, lakini hakuna nati kwenye ile injini ambayo hakuifungua na kuifunga mwenyewe. Alisita, akataka aniachie hata shokapu. Nikakataa.

Sasa anamwendeshea mfanyabiashara mmoja mwenye buggy ya trela. Gereji amehamishia upande mwingine wa mji. Nilikwenda kumtazama mara moja, nikasimama mbali. Alimaliza wa tatu. Lile tuta alilipita vizuri sana.

Nilichojifunza ni hiki. Chuma kitakachombeba mtu usikisage. Kiache na kidonda chake, kibaya hivyo hivyo, ili anayekaa ndani aone alichokalia. Na akikuuliza, usimjibu umesimama. Nenda kwanza ukaangalie, ndipo umjibu.

Jamaa zangu wananiambia nilifanya jambo la kiume kusema ukweli pale mbele ya watu. Mimi sioni hivyo. Ukweli wenyewe ulikuwa "sijui", na niliupata kwa bahati, nikitafuta mahali pa kuandika sifa zangu. Kama yule mzee asingenisifu, Wafula angeshindana siku ile, na jointi ingeshika, na leo tungekuwa bado pamoja. Nalijua hilo, na bado sijui kama ningetaka iwe hivyo.

Nauliza madereva. Umefunga mikanda, injini inawaka, fundi wako anakuja kukwambia hajui. Ungeshuka? Na ukishashuka, ukakuta kazi ilikuwa nzima, ungekaa tena kwenye gari lake?

Mafundi wenzangu mnakaribishwa pia, ila nyinyi najua mtanitetea. Naomba madereva waanze.