Gauni Lililomkaa Vizuri

Mtaa mzima ulimwita Sindano, na si kwa sababu ya cherehani tu. Mdomo wake nao ulichoma. Mteja akileta kitambaa kibovu aliambiwa ni kibovu, hata kama ni cha harusi. Ndiyo maana binti wa jirani alipomletea mfuko wa magauni ya mama yake mgonjwa, akaomba yapunguzwe ubavuni kimyakimya, Sindano alikunja uso.

"Mama anakwisha, fundi," binti alisema. "Lakini gauni likimkaa sawa, anaona bado ana mwili. Tumwonee huruma."

Huruma! Sindano alifumua mishono huku roho ikimsuta. Alitafuta uzi uliofifia, ufanane na wa zamani, akayapiga pasi matundu ya mshono wa kwanza hadi yakapotea. Kazi safi, na ilimtia kichefuchefu. Kila mfuko uliporudi, alipunguza tena. Binti alimshukuru kwa sauti tamu hadi mtu unatamani kwenda kunawa masikio.

Siku moja aliyapeleka magauni mwenyewe. Mgonjwa, mifupa mitupu ndani ya gauni lililomkaa vizuri, alimshika mkono.

"Sindano, wewe huna kona, kweli huifichi. Nimekonda?"

Binti alisimama mlangoni, amemkodolea macho fundi.

"Hujakonda, dada."

"Nilijua tu!" Mgonjwa akacheka. "Maana mimi na mdogo wangu hatusemezani tangu tumzike baba, na kosa ni langu. Ningejua nakufa ningemwita leo hii nimwombe radhi. Lakini acha nipone, nitamfuata kwake kwa miguu yangu."

Sindano alifungua mdomo. Binti akakohoa. Mdomo ukafungwa. Nje alitema mate mtaroni, akajichukia, akamchukia binti zaidi, akaapa kurudi kusema kweli. Mfuko mwingine ulipoletwa, akapunguza.

Msibani, mdogo wa marehemu alifika na vumbi la safari miguuni. "Aliniulizia?"

"Mama kaenda kwa amani, mama mdogo," binti alijibu. "Hakuwa na dukuduku lolote."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Hapo Sindano akashindwa kuvumilia.

"Alikuwa anasubiri apone, aje akuombe radhi," alisema. "Tulimdanganya kwamba hakondi. Magauni nilikuwa nayabana mimi."

Mdogo wa marehemu alimgeukia.

"Na hiyo kweli yako," akauliza, "umeniletea leo niifanyie nini?"