Kiti cha Mama Mkwe

Jina lake halisi lilijulikana na mumewe na ndugu zake tu. Kwa wengine wote alikuwa Mama Viti. Alikodisha viti vyeupe vya plastiki kwa harusi, misiba na mikutano, na shughuli ikiisha vilimrudia na mchuzi, matope na makamasi ya watoto wa watu. Kuviosha hakumwachia mtu. Alivishusha kijitoni nyuma ya nyumba, akavisugua kimoja kimoja huku akiwasema wanaokula kana kwamba wanapigana.

Kijito hicho ndicho kilichotakiwa na kampuni ya shaba. Wangechimba mlimani, waoshe mawe yao huko huko juu, na uchafu uteremke kwa waliobaki chini. Wanamtaa wakakubaliana: siku ofisa wa serikali akija kusikiliza maoni, hakuna kukaa. Mtaa wa pili watu walikaa kwa adabu zao, wakapigwa picha, na picha ikapelekwa kwa wakubwa kama ushahidi kwamba wameridhia. Safari hii kamera ingekuta viti vitupu.

Balaa ni kwamba viti vyenyewe vilikuwa vya Mama Viti. Kijana mmoja mwenye adabu za kupitiliza alikuja kuvikodi akisema ni vya shughuli ya kifamilia, naye, ambaye mteja akitabasamu husahau kuuliza maswali, akakubali. Alipokuja kujua kwamba kijana alitumwa na kampuni, vilikuwa vimeshapangwa chini ya turubai. Wenzake walimtazama kama mtu aliyeuza mtaa mzima.

Siku hiyo jua lilichoma bila huruma. Watu walisimama nje ya turubai, mashati yamewaganda mgongoni. Mara mama mkwe wa Mama Viti, mwenye magoti mabovu na ubishi mzima, akawapangua, akaenda kuketi kiti cha mbele kabisa.

"Nimeshasimama vya kutosha hapa duniani," akasema.

Mmoja akamfuata, kisha wawili, mara safu nzima imejaa. Ofisa akafungua faili lake. Mpiga picha akainua kamera.

Mama Viti tangu aolewe hakuwahi kumjibu mama huyu kwa sauti, na kila mkwe alipoingia chumbani, yeye alimpisha. Leo amwinue kitini, mbele ya kadamnasi! Mumewe, aliyekuwa kando ya mkokoteni wao wa viti, alimsoma usoni akatikisa kichwa: usithubutu. Mama Viti akapiga moyo konde, akapenya katikati ya viti, akapiga magoti.

"Mama, naomba kiti changu."

Mpiga picha akashusha kamera.

"Unasemaje?"

"Kiti, mama. Nakihitaji."

"Unanitoa kitini, wewe? Mbele za watu?"

"Nakutoa, mama. Nyumbani utanisema utakavyo. Lakini ukikaa wewe wamekaa wote, na maji yetu ndiyo yamekwenda."

Bibi alimkodolea macho. Kisha akamshika bega, akajiinua kwa taabu huku akisonya. Akasimama. Na kwa kuwa hakuna aliyelelewa akaleleka awezaye kukaa huku bibi kizee kasimama, safu ya mbele ikainuka, ya nyuma ikafuata, wengine kabla hata hawajakata shauri. Ofisa naye akainuka, akamsogezea kiti chake.

"Karibu ukae, bibi."

"Asante, baba. Mimi nimeshasimamishwa," bibi akajibu. "Tena hicho nacho ni cha mkamwana wangu. Mpe."

Mama Viti akakichukua. Ofisa alibaki na faili mkononi, hana pa kuliweka, na baada ya kunong'onezana na watu wa kampuni akaahirisha kikao.

Jioni chakula cha mama mkwe kilirudi jikoni hakijaguswa. Mama Viti alilia kimyakimya, akiwaza kwamba kijito kimepona lakini nyumba imemshinda.

Asubuhi aliposhuka kijitoni na viti, alimkuta bibi kashatangulia. Ameketi juu ya jiwe, miguu majini, anasugua kiti kimoja kwa hasira zake zote.

"Hiki nilikikalia mimi," akasema bila kugeuka. "Nakiosha mwenyewe. Lete na hivyo vingine, maana siku zote unaviacha na mafuta miguuni."

Mama Viti, asiyemwachia mtu viti vyake, akampelekea.