Koti la Kuwazoesha Bukini

Pumba ya mahindi ikimwagiwa maji ya moto hutoa harufu yake, nusu uji nusu vumbi, na mimi mpaka leo nikiinusa huhisi baridi miguuni. Kila asubuhi kabla ya shule nilisimama nyuma ya jiko la Susu, kule Mumbuni, kandambili zimelowa umande, nikiikoroga pumba hiyo kwa mwiko uliovunjika mpini. Julai ya Machakos ina baridi ya kuuma masikio. Vilima vya Iveti vilikuwa vimepotea ukunguni, na nikipumua niliuona mvuke wangu mwenyewe. Nilipogonga sufuria tu kelele zilianza upande wa pili wa mabati, kwanza bata bukini dume, kisha jike wake, kuku wakafuata, na njiwa wakashuka kutoka paani. Katika nyumba ile, hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya asubuhi.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Wangu alikuwa mama mzaa mama, mjane mwembamba asiyependa maneno mengi. Mama aliniacha kwake nikiwa darasa la tatu, alipopata kazi katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River. Ilikuwa iwe kwa muda tu. Zamu zilikuwa ngumu, chumba alichopanga na wenzake hakikuwa cha kulelea mtoto, na Athi River si mbali, alisema, angekuwa anakuja kila mwisho wa mwezi. Mwanzoni alikuja kweli. Alikuja na mkate, sabuni ya kipande na soksi mpya, akalala siku moja, akaondoka nikiwa bado namsimulia mambo ya shule. Siku za katikati nilibaki na Susu na redio yake, na ndege.

Ndege walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na shida yake. Kuku walitaka kumwagiwa jivu kwenye viota ili utitiri usiwamalize, na majani ya mshubiri yaliyopondwa yatiwe katika maji yao ya kunywa msimu wa kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ukikaribia. Njiwa walitaka waachwe tu. Kulikuwa na kanga mmoja kilema aliyeokotwa shambani, ambaye hakuwahi kushukuru kwa lolote. Lakini wenye boma walikuwa bukini. Susu aliwanunua baada ya mwizi kutuibia kuku, kwa sababu mbwa, alisema, anarushiwa mfupa ananyamaza, lakini bukini hana bei. Dume tulimwita Chifu. Alitembea kifua mbele, polepole, kama anaelekea barazani watu wakimngoja, na akisimama alikutazama kwa jicho moja kwanza kabla ya kuamua wewe ni nani. Jike hakuwa na jina. Tulimwita tu bibi ya Chifu, na sidhani alijali.

Nyumba zilizotuzunguka zilikuwa za kupangisha. Wapangaji walifunga milango asubuhi, wakarudi jioni, wakafunga tena. Watoto wachache waliokuwapo walicheza kwao, na sababu ilikuwa Chifu mwenyewe, kwani nani angemruhusu mwanawe aje kuchezea kwenye boma lenye mnyama wa namna hiyo? Basi mimi nilicheza na huyo mnyama. Nilimsomea vitabu vya shule. Nilimweleza nani alinisukuma kwenye foleni ya uji, naye akaning'ata vishikizo vya sweta taratibu, kimoja kimoja. Asubuhi alinisindikiza mpaka langoni, na nikirudi mchana nilimkuta pale pale, shingo imepenya kati ya vyuma vya lango, akaanza kunipigia kelele nikiwa bado kwa jirani. Nasema wazi kwamba nilikuwa mpweke. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ananingoja saa hiyo.

Ndipo jike akaanza kuatamia. Alijikunja kwenye majani makavu kando ya tangi la maji, na tangu siku hiyo Chifu akawa mwendawazimu. Bukini dume hubadilika mwenzake akiwa kwenye mayai. Aliwafukuza kuku, akamfukuza kanga kilema, akaifukuza hata ndoo iliyoviringishwa na upepo. Mimi na Susu tu ndio tuliopita. Mwisho wa mwezi huo Mama akaja, akafungua lango kama alivyozoea, mkoba begani na mkate mkononi. Chifu aliinamisha shingo mpaka ikagusa ardhi, akazomea, akamwendea. Alimng'ata nyuma ya goti, akaning'inia hapo huku akimpiga kwa mabawa, na mkate ukaruka. Nilimvuta kwa miguu mpaka akaachia.

“Hii bata yenu iko na wazimu!” Mama alipiga kelele, amekwisha kupanda kwenye kibaraza. “Mnafuga nini sasa, simba?”

“Hakujui,” Susu alimjibu, akiokota mkate. “Anajua watu wa hapa.”

Mama aliingia ndani bila kumtazama. Alipaka dawa kidonda, akanywa chai amepakata mkoba wake, na safari hiyo hakulala. Alipokuwa anaondoka ilibidi nimshike Chifu shingo na mabawa kwa mikono yote miwili, kwa hiyo sikuwa na mkono wa kumpungia.

Mwisho wa mwezi uliofuata hakuja. Alipiga simu ya Susu, akasema amebanwa na kazi. Mwezi mwingine akabanwa tena. Mtoto akiachwa bila kuelezwa kitu hujieleza mwenyewe, na mimi nilijieleza vizuri sana. Mama haji kwa sababu ya Chifu. Nilimuuliza Susu, naye bila kugeuka kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa anachambua akasema, “Basi akikuja tutamchinja Chifu, tumpikie mgeni.” Huenda alikuwa anatania. Kwetu mgeni mpendwa huchinjiwa, hilo nalijua, ila sikuweza kujua kama yeye alikuwa anatania, na niliingia chooni nikalia. Nikimtaka Mama, Chifu anachinjwa. Nikimtaka Chifu, Mama haji. Nilikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa, mpaka nilipokumbuka koti.

Lilikuwa koti la sufu, rangi ya damu ya mzee, limechakaa viwiko. Mama aliliacha likining'inia nyuma ya mlango siku aliyonileta. Bado lilikuwa na harufu yake, mafuta ya nywele na kitu kama kitambaa kipya. Nilifikiri hivi: ikiwa Chifu anajua watu wa hapa, basi nitamfanya Mama awe mtu wa hapa kabla hajafika. Nikitoka shule nililivaa koti, likanifika kwenye vifundo vya miguu, nikavaa na viatu vyake vilivyobaki chini ya kitanda, nikapitia nyuma, nikatoka nje na kuingia kwa lango. “Hodi!” nikasema kwa sauti ya Mama, sauti ya puani kidogo. Siku ya kwanza Chifu alinirukia mpaka nikaanguka. Hakujali kwamba chini ya koti ni mimi ambaye alinisindikiza asubuhi ile ile. Niliinuka, nikajipangusa, nikatoka nje tena, nikabisha hodi.

Nilifanya hivyo kila mchana. Mapaja yangu yalijaa michubuko, nikawaambia watoto shuleni kwamba nimeanguka mtini. Nilijifunza kubeba pumba mfukoni mwa koti, nikaimwaga kidogo kidogo mbele yangu nikitembea. Baada ya muda Chifu alizomea lakini hakuruka. Kisha akawa anazomea nusu, kama mtu anayesahau alichotaka kusema. Susu alikuwa ananiona kupitia dirisha la jikoni. Hakuuliza lolote. Nilidhani hajaelewa, au hajali, maana Susu alipenda kunyamaza kiasi kwamba usingeweza kujua.

Kisha mchana mmoja alitoka nje, akifuta mikono kwenye leso.

“Mama yako hatembei hivyo,” alisema. “Yeye anakanyaga na kisigino. Lete hiyo koti.”

Nikalivua. Susu akalivaa juu ya leso, akafunga vishikizo vyote hadi shingoni, akatoka nje ya lango na kulifunga. Alikaa huko kidogo. Kisha likafunguliwa, na akaingia mwanamke mwenye haraka, kichwa kimeinama upande mmoja, visigino vikigonga changarawe, mkono umeshika mkoba ambao haukuwapo. Alikuwa Mama. Alikuwa Mama kabisa, pamoja na lile shavu analonyonya kwa ndani akifikiria. “Hodi hapa kwetu,” Susu alisema. Chifu alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa lingine, akampisha. Susu akaendelea hadi kibarazani na akasimama hapo, mgongo kwangu, bado amevaa koti, na sikuweza kuona uso wake. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani mama ni wangu peke yangu. Hata hivyo nilielewa kitu siku hiyo, kwa sababu nilikwenda nikashika pindo la koti na tukasimama hivyo mpaka maharagwe yalipoanza kuungua.

Mama alikuja Desemba. Jike alikuwa ameshaangua, na vifaranga vilikuwa vimekua kiasi cha kuitwa vijana. Mama alikuwa amesuka nywele upya, amevaa gauni pana la maua, na tumbo lake lilikuwa kubwa. Alisimama nje ya lango bila kuligusa. Chifu alikuwa tayari ameinamisha shingo. Nikakimbia ndani, nikalichukua koti, nikampitishia juu ya lango.

“Vaa hii kwanza, Mama. Amezoea hii.”

“Hiyo nguo mzee? Na hii joto?” Alicheka.

“Vaa tu,” Susu alisema kutoka kibarazani.

Akavaa. Halikufungika mbele. Aliingia akikanyaga kwa kisigino, kama tulivyomfundisha Chifu, na Chifu akainua shingo, akamtazama, akampisha. Nilirukaruka. Nilimkumbusha Susu mara nyingi kwamba sasa hachinjwi, unaona hachinjwi, mpaka Mama akaniambia nikae chini ana jambo la kuniambia. Alikuwa ameolewa. Walikuwa wamepata nyumba Syokimau, ndogo, ya chumba kimoja cha kulala. Mtoto akishazaliwa, na mambo yakikaa sawa, na wakipata mahali pakubwa kidogo, wangenichukua. Alisema amekuwa akitaka kuja kutuambia, ila kila mwezi alishindwa aanzie wapi.

Kumbe haikuwa Chifu. Nilikaa pale nikitazama mkate mezani, nikatamani, kwa moyo wangu wote, ingekuwa ni Chifu. Bukini unaweza kumfundisha. Hayo mengine sikuwa na la kuyafanyia, hayakuwa na koti lake. Jioni Mama alipoondoka alilivua langoni na kulitundika juu ya chuma, kwa sababu ya joto, na mara hiyo Chifu akamwona ni mgeni, akamfukuza hadi barabarani. Safari hii sikumshika. Nilitumia mikono yote miwili kumpungia.

Sikuchukuliwa. Mambo hayakukaa sawa upesi, na yalipokaa nilikuwa nimekwenda sekondari ya bweni, kisha chuo. Leo ni mimi ninayeishi Syokimau, mambo ya dunia hayo. Nina nyumba ghorofani ambako hata njiwa hawatui, napanda treni asubuhi, narudi giza limeingia, na majirani zangu nawajua kwa sauti ya milango yao. Susu alifariki. Mama ndiye aliyerudi Mumbuni kumuuguza, na baada ya mazishi akabaki huko, kwa sababu alikuwa ameachana na mumewe, na mwanawe wa ndoa hiyo amehamia Mombasa. Husema kwa simu kwamba anafuga. Mimi humwambia nitakuja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi hubanwa na kazi.

Nilikwenda juzi, baada ya kukawia sana. Lango ni lile lile, limepakwa rangi. Sikuwa nimegusa komeo wakati kundi zima lilipoinama na kuzomea, kizazi cha Chifu bila shaka, kifua mbele kwa kifua mbele, wakinitazama kwa jicho moja wakiamua mimi ni nani. Nikaita hodi. Mama akatokea kibarazani, amepungua, nywele nyeupe pembeni, na akaniambia kwa sauti, “Ngoja hapo! Usiingie!” Akarudi ndani. Alipotoka alikuwa amebeba koti la rangi ya damu ya mzee, viwiko vimetiwa viraka, na akanipitishia juu ya lango.

“Vaa hii kwanza,” alisema. “Mimi huwalisha nimeivaa kila siku. Nilisema siku ukikuja wasikuume.”

Nililivaa. Lilinienea kila mahali, na ndani ya mfuko kulikuwa na pumba.