Unga wa Likwata

Baba yangu, Maftaha, alikuwa mpiga picha pale Lindi mjini, na katika maisha yake hakupenda kitu kinachotikisika. Wateja wake wote aliwakalisha kwenye kiti kimoja, mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua ambayo Lindi hayajapata kuota. Kisha aliingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi akawafokea, "Shikeni pumzi!" Hata mama alifokewa hivyo siku ya harusi yake. Ukiitazama ile picha utadhani anasomewa hukumu.

Kwa hiyo Bwana Nyama, Mwingereza aliyesimamia wanyama wa porini, alipomtaka waende bara wakapige picha za nyika ya Liwale, baba alijaribu kujitoa. Nchi ile watu waliiita Shamba la Bibi. Serikali ilikuwa imewahamisha wenyeji kwa sababu ya ugonjwa wa malale, ikawaachia wanyama nchi nzima. Baba alisema yeye hana ubavu wa kumwamuru simba ashike pumzi. Lakini siku zile Mwingereza akikutaka, ulikuwa umeshakubali.

Habari zikamfikia Romana. Mama huyu alikaa Mitwero, akituuzia muhogo, na alikuwa mmoja wa wale waliohamishwa. Mumewe, Likwata, alifariki siku chache kabla ya amri ya kuhama, naye akaondolewa kabla msiba haujaisha. Kwao mjane humwaga unga wa mtama juu ya kaburi jioni, kichuguu kidogo chenye ncha, na asubuhi huenda kuutazama. Ukikutwa umesimama, marehemu ameridhia na mjane yuko huru. Ukikutwa umebomoka, bado anamzuia. Romana hakuipata jioni hiyo wala asubuhi yake. Na Dionis, seremala aliyemtengenezea baba fremu za picha, alikuwa keshamposa zaidi ya mara moja, akijibiwa neno lile lile: "Sijaagana na mwenzangu."

Siku moja akaja studio, ameshika unga uliofungwa kifundo kwenye kipande cha kanga.

"Shikamoo, baba Mwahija," akasema, akimwita kwa jina langu.

"Marahaba, mama. Muhogo uko wapi leo?"

"Leo sina muhogo, nina ombi. Umwage unga huu kaburini kwa Likwata, na asubuhi uupige picha, niuone kwa macho yangu."

"Astaghfirullah! Mimi Mwislamu nikatambikie mizimu ya watu? Nenda kwa padri wako."

"Padri akisikia atanitoa kanisani. Na wewe hutambiki. Unabeba tu, unamwaga tu, unapiga picha tu."

"Na nikikuta umebomoka?"

"Niletee ulivyobomoka. Usinihurumie. Kama hataki, Dionis akatafute mke kwingine."

Dionis alikuwa pale pembeni akigongomea fremu. Nyundo ikanyamaza. Baba akaupokea unga huku akinung'unika, maana alimpenda yule seremala.

Baba alikuwa msemaji, lakini habari za nyika ile aliziongea polepole. Alisema kilichomtisha si simba. Ni kutembea kutwa nzima bila kusikia jogoo. Ardhi ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, majani yameungua, na mto waliouendea haukuwa na maji hata ya kunawia uso, mchanga mtupu, mweupe, mpana kuliko soko letu lote. Ndovu walikuwa wamechimba visima mchangani kwa miguu yao. Nyuma yao walisimama pundamilia, nyuma ya pundamilia swala, kila mmoja akingoja zamu yake bila askari wa kuwapanga. Bwana Nyama akamwambia, "Piga." Baba hakujua aielekeze wapi kamera. Kila upande ulikuwa mkubwa, na hakuna pazia. "Subhanallah," alituambia, "nilijiona mdogo, na nikafurahi kuwa mdogo."

Yohana, askari wa Bwana Nyama, alizaliwa kule. Ndiye aliyempeleka kwenye mahame ya kijiji. Mawe ya kusagia yalikuwepo bado, na chungu kilichofunikwa juu ya kaburi la Likwata kilikuwa kizima, kama Romana alivyoeleza. Baba akamwaga unga mbele ya chungu. Alikuwa ameapa hatasema neno, lakini mdomo ukamponyoka: "Likwata, mkeo anakuaga."

Alfajiri akarudi na Yohana, kamera begani. Hawakufika kaburini. Ndovu dume, mzee, peke yake, alikuwa amesimama pale.

Mkonga ulishuka taratibu, ukakizunguka chungu bila kukigusa, ukauzoa unga na kuupeleka mdomoni. Ukarudi tena, ukapapasa chini. Kilichobaki akajipulizia usoni, paji likawa jeupe. Yohana alimvuta baba shati, lakini baba alikuwa ameshaisimika miguu ya kamera na kuingia chini ya kitambaa. Ndovu akainua kichwa, akamtazama, akatulia tuli. Hapo ndipo baba alipogundua kwamba aliyeshika pumzi ni yeye. Akapiga. Ndovu akageuka, akaondoka bila hata kuvunja kijiti.

Chungu kilikuwa salama. Unga haukuwepo.

"Umebaki kidogo kwenye kifundo," Yohana alinong'ona. "Tumwage mwingine, upige. Nani atajua?"

Baba alifikiri juu ya Dionis na nyundo yake iliyonyamaza. Kisha akatikisa kichwa. "Nimetumwa nilete nilichokiona."

Romana alipokuja kuchukua picha, Dionis alibaki mlangoni, hathubutu kuingia. Nami nilikuwepo, nikijifanya nafagia. Baba akamweleza kila kitu, akamaliza akiwa amechoka: "Haukusimama, mama, wala haukubomoka. Sijui nikwambie nini."

Romana aliishika picha kwa mikono miwili. Akamtazama yule ndovu na paji lake jeupe kwa muda mrefu mpaka nikasahau kufagia.

"Alikula wote?"

"Wote."

"Hakubakiza?"

"Hata chembe. Alipapasa mpaka chini."

Akacheka. Akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye kile kiti cha wateja, machozi yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza baba hakumwambia mtu wa kiti kile atulie.

"Huyo ni Likwata," akasema. "Hajapata kubakiza chakula changu. Wajane wengine unga wao husimama tu, wakaambiwa marehemu ameridhia. Mimi wangu ameupokea mwenyewe." Akajifuta uso kwa kanga, akageukia mlangoni. "Dionis, unasimama nini huko? Njoo upime fremu, tutaitundika nyumbani."

Dionis akaingia na kipimo chake. Alipima, akapima tena, maana macho yalikuwa yamemjaa maji na namba hakuziona.