Mkeka wa Kumzikia Shangazi Tabita

Leisongi alifundishwa kusuka mikeka ya majani ya mkadi na shangazi yake Tabita, kijijini kwao katika kisiwa cha Efate, kabla meli kubwa za watalii hazijazoea kutia nanga katika bandari ya Port Vila. Shangazi hakuwa mpole. Ukikosea mstari mmoja, anafumua yote.

Meli zilipoanza kuja kila wiki, Leisongi alipata meza gatini. Siku ya kwanza alipanga mikeka saba. Watalii waliipapasa, wakaisifu, kisha wakanunua kwa jirani vikapu vya plastiki vilivyoletwa kwa kontena kutoka ng'ambo. Mkeka hauingii begini, na meli haingoji mtu. Msimu uliofuata Leisongi naye akauza vya kontena. Akajenga nyumba ya matofali, akawapeleka shule binti zake wawili.

"Shangazi, njoo gatini nawe upate chochote," alimwambia.

"Nije kuuza vile vikapu vyako? Wakiuliza kasuka nani, unawajibuje?"

"Nasema mimi."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Haya bwana, fundi wa kontena!"

Leisongi alicheka pia, ila neno lile lilimchoma.

Kisha ugonjwa ukaenea duniani, meli zikakoma. Leisongi alirudi kijijini kulima mihogo, akiibeba kwa vikapu vilevile vilivyokosa wanunuzi, mpaka mikono ya vikapu ikakatika.

Mwaka wa pili shangazi Tabita akafariki. Kwao maiti hufungwa katika mikeka, na kila mwanamke wa ukoo huleta wa mkono wake. Walikuja nayo wakilia. Mama Elsina, mkubwa wao, akamsogelea Leisongi.

"Wako uko wapi, mwanangu?"

"Sina, mama."

"Tunazika kesho mchana. Majani makavu ya marehemu yananing'inia jikoni kwake."

Leisongi alisuka hadi giza likaingia, akaendelea asubuhi. Vidole vilikuwa vizito. Alitoa mkeka mdogo, wa kufunika miguu tu. Alipofika kwenye pindo alikwama, kwani nakshi ya meno ya papa inayosukwa hapo aliijua Tabita peke yake.

"Inaanziaje?" aliwauliza wenzake.

Hakuna aliyejua.

Akautandika hivyohivyo miguuni pa marehemu, nyuzi za majani zikining'inia ukingoni.

"Mistari mitatu imepinda," Elsina alisema taratibu.

"Nimeiona, mama. Nisamehe."

"Usiniombe mimi."

Leisongi akapiga magoti, akaishika ile miguu, akalia kwa sauti.

Meli zilirudi, naye akarudi gatini na vikapu vya kontena. Binti mdogo alikuwa bado hajamaliza masomo ya uuguzi. Siku zisizo na meli hukaa na Elsina barazani, mbele yao kipande cha mkeka wa zamani chenye nakshi ile, walichokiomba kutoka kijiji cha pili, nusu yake imeliwa na mende. Wanasuka, wanafumua. Wameshapata meno manne. La tano linawashinda mpaka leo.