Jina la Ustinya Ndani ya Kizibao

Sikilizeni, mimi Pelageya si mwongo. Domo kaya, hilo nakubali, hata marehemu mume wangu aliniita tarumbeta. Lakini uongo nimesema mmoja tu wa maana maishani, na siku ya kiama nikiulizwa nitaurudia vilevile.

Mimi na Glafira Savvishna tulishona nguo za baleti hapa Petersburg miaka ishirini na mitatu, kwenye meza moja, orofa ya juu kabisa ya ghala la mavazi. Sketi tumeziona! Tulipoanza zilifika chini ya magoti, na wazee wa enzi za sketi za kufika vifundoni walizitemea mate. Kisha zikapanda, shashi tabaka juu ya tabaka, mpaka mcheza akisimama sketi inakaa mlalo kiunoni kama sinia. Mabibi mjini wakivaa mikono ya kufutuka, basi na msichana wa kijijini jukwaani lazima afutuke mikono, na akicheza ombaomba anavaa almasi zake. Kizibao cha atlasi, kitambaa kile cha kung'aa, ndicho tu hakikubadilika: kimebana, kina mifupa ya nyangumi, kinamkata mtu pumzi.

Ndani ya kila kizibao kulikuwa na utepe wa jina. Nguo ilikuwa mali ya Kaisari, ikipita kutoka mgongo hadi mgongo. Anayeivaa anaandikwa kwa wino, na aliyemtangulia anakatwa mstari. Nguo isiyo na utepe ilichanwa matambara. Mwandishi alikuwa Glafira, maana hati yake ilikuwa nzuri kama ya padri.

Na kizibao kimoja kilikuwa cha mwanawe. Ustinya alicheza safu ya nyuma misimu miwili, kisha homa ya matumbo ikamchukua kwa siku tisa, ana miaka kumi na tisa. Wa safu ya nyuma hawaandikwi kwenye matangazo. Msalaba wa mti makaburini mafuriko yaliuondoa. Duniani kote jina la mtoto yule lilibaki mahali pamoja, kwenye utepe ule, chini ya majina mawili yaliyokatwa. Lake halikukatwa. Miaka mitano kila msichana aliyekitaka kizibao kile Glafira alimwambia, "Wewe? Hiki? Utakipasua kwa hizo mbavu, nenda zako."

Tukaamini, mpaka nilipoutazama utepe. Basi siku hiyo, tunakunywa chai na jemu, nikawacheka wasichana: "Mnadanganywa, mabibi! Hakibani hata paka. Kina jina la mwanawe, hataki kulikata!"

Ulimi hauna mfupa. Kesho yake mmoja wao akaenda kulia kwa Porfiri Lukich, mkuu wa ghala, kwamba ananyimwa nguo nzuri. Jioni kizibao hakikuwepo tena kwenye msumari wake. Glafira hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliacha tu kuniambia mambo yake.

Majira yale akaja mchoraji mpya wa mavazi, kijana wa viatu vya njano. "Akina mama, koseti zimekufa!" akatangaza. "Mwili upumue!" Sketi za shashi, toa. Badala yake kanzu laini zinazoning'inia, na vidole vya miguu vichorwe juu ya soksi ili watu wadhani wachezaji wako peku.

"Na sisi tuchore macho juu ya miwani," nikasema.

Glafira hakucheka. Akauliza, "Na vizibao?"

"Vitakuwa mikanda, mama. Mikanda myembamba, rangi ya buluu ya usiku."

Kwa kawaida atlasi iliyoozeshwa na jasho haitiwi rangi, haifai kitu. Ilikaa kwenye kikapu chini ya dirisha, hakuna anayeigusa. Lakini mkanda wa vidole viwili hauhitaji atlasi nzima. Porfiri Lukich akaniambia, "Pelageya, anza na vibovu. Vizima viache kwanza." Nami nikakishusha kikapu hadi chumba cha rangi, nikakimimina chote kwenye sufuria la shaba, bila hata kufumua, maana kijana wa viatu vya njano alitaka rangi kabla ya Alhamisi. Glafira ndiye aliyekuwa akikoroga, mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yetu. Mvuke umejaa, mtu haoni pua yake.

Mchana Porfiri Lukich akapita. Nikasikia Glafira anamwomba: kuna kizibao kimoja, haombi kizibao, anaomba utepe wa ndani tu, kabla nguo haijachanwa.

Mzee akakuna ndevu. "Utepe? Kaisari hatalia kwa utepe. Chukua, mama."

Jamani, alivyokimbia! Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, ngazi za orofa nne, kama msichana. Nikamfuata nikihema. Nikamkuta amepiga magoti chini ya dirisha, anapapasa sakafu.

"Pelageya, kikapu cha hapa kiko wapi?"

"Cha vibovu? Si ndicho unachokikoroga tangu asubuhi."

Nilisema vivyo hivyo, kama mtu anayejibu kuhusu chumvi. Kisha nikaona uso wake, nikaelewa kizibao cha Ustinya alikificha wapi, na kwa nini mimi sikuambiwa. Angeniambia, kingepona. Na angeniambiaje mimi?

Tulivitoa vyote kwa fimbo, vinamwaga maji. Tukafungua kimoja kimoja. Tepe zote buluu, wino umeondoka, hakuna hata herufi. Glafira alizipitisha midomoni moja moja, kama kipofu. Vizibao arobaini, vyote amevishona yeye. Hakukijua cha mwanawe.

Usiku wa kwanza wa mchezo tulipanda juu kabisa, kwenye viti vya bure. Chini wasichana thelathini wenye kanzu na mikanda ya buluu. Watu walipiga makofi, mabibi kwenye viti vya mbele wakajishika viuno, wiki mbili hazikupita wakaanza kuvua koseti zao. Glafira alinishika mkono. Tangu siku ya kikapu alikuwa hajanigusa.

"Wewe una macho," akasema. "Mkanda wake ni upi?"

Mungu anisamehe. "Wa tatu kutoka kushoto," nikasema. "Naujua mshono."

Hakuondoa macho kwa msichana yule mpaka pazia likashuka. Nililia mimi, yeye hakulia.

Asubuhi alikuwa ameshafika kazini kabla yangu, mbele yake mkanda wa msichana wa tatu, Anfisa. Mikanda mipya nayo ilihitaji tepe. Alichovya kalamu, akaandika polepole, kwa hati ile ya padri: Ustinya Rogova. Akapuliza wino ukauke. Kisha akachukua rula, akalikata mstari, na chini yake akaandika Anfisa.