Mjomba wa Watoto Wapelelezi

Jabiri hajui Kiingereza, na hilo halijawahi kumzuia kutafsiri sinema. Anakaa kando ya runinga katika banda lake la video hapa Mazingara, maiki mdomoni, anawasemea wote waliomo, hadi mbwa. Akikwama anasoma nyuso zao. Mimi humwambia ni mwongo mwenye kipaji, naye hucheka.

Sinema tunayoipenda kuliko zote ni ya zamani, haina hata rangi. Watoto watatu wa kiume wanampeleleza mwizi wa tarumbeta la shule yao. Mwanzoni kuna bwana mwenye kofia anawapa mkate, kisha anamvuta mmoja sikio. Jabiri hakufikiri mara mbili. Kwetu Uziguani, mtu anayekulisha na kukuvuta sikio ni nani kama si mjomba? Akamfanya mjomba, na miaka yote tukampenda.

Diski ilikwaruzika, ikawa inaganda watoto wakisukuma mlango wa stoo. Hapo Jabiri husimama na kuimalizia mwenyewe: mwizi ni mwenye duka, na anayemkamata ni mjomba.

Idi iliyopita Hajira, anayeuza vitenge Korogwe, alituletea sinema nzima kwenye flashi. Mchana ule banda lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Jabiri hakupata nafasi ya kuitazama kwanza. Aliniambia pembeni kwamba anaogopa: ikijulikana miaka yote alikuwa anatunga, nani atamsikiliza tena?

Mlango wa stoo ukafunguka. Aliyekumbatia tarumbeta alikuwa mjomba.

Polisi akaingia, akamfunga pingu. Jabiri akashusha maiki.

"Mjomba hawezi kuwaibia wapwa zake," alisema Bibi Fatu kutoka mkekani, na alikuwa amekasirika kwelikweli. "Jabiri, hebu tueleze."

Ningekuwa mimi ningesingizia umeme. Yeye alisimamisha picha. "Bibi, huyu si mjomba wao. Nilimfanya mimi. Kumbe ni mwizi tu."

"Kwa hiyo watoto hawa hawana mjomba?"

"Hawana, bibi."

Bibi Fatu akamnyooshea kidole. "Na aliyekuwa akiwagombeza wasicheze mtoni, akiwapa moyo wakilia, ni nani?"

"Maneno yalikuwa yangu, bibi."

"Basi mjomba wao ni wewe. Endelea, watoto wanasubiri."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Nilimwona Jabiri akijifuta macho kwa mkono wa kanzu, nami nikafurahi kuliko nilivyotegemea. Akaiendesha tena picha. Polisi alikuwa anaondoka na mtu wake, na wale watoto watatu wamebaki uani peke yao na tarumbeta, wanatazama upande wetu.

Jabiri akasogeza maiki.

"Wapwa zangu," akasema, "mmechoka sana leo. Twendeni nyumbani mkale."